Udongo Uliokunywa Dizeli

Lipembe, Mbinga
12 Juni 1995

Mpwa wangu mpenzi Edina,

Salamu nyingi kutoka huku milimani, ambako baridi ya mwezi huu imetukalisha mekoni kama paka. Mimi sijambo, ukiliacha goti la kushoto, ambalo mnajuana tangu zamani. Mama yako huko Liuli hajambo pia. Juzi alinitumia usipa debe zima kwa lori la samaki. Nimekula, nimegawia watu, nimebaki na harufu. Na wewe je? Hiyo Morogoro bado ni tanuri? Unakula?

Mwanangu, nina shida, na shida yenyewe ni ya fani yako, si ya padri wala ya diwani.

Unakikumbuka kituo cha kukoboa kahawa cha chama chetu cha ushirika, pale juu ya nyumba yangu, nilipokuwa mtunza stoo. Mwaka jana kilifungwa. Siku hizi wanunuzi binafsi wanafika na malori yao hadi mlangoni kwa mkulima, kituo hakina tena kazi. Wakauza kiwanja pamoja na injini, nikanunua mimi, nikitaka kuweka mashine ya kusaga mahindi. Kumbe nimenunua na balaa lililofukiwa, lile tangi la dizeli lililo ardhini.

Mwezi wa tatu, mvua zilipokaza, chemchemi ya chini ikaanza kunuka. Ni ile aliyoijengea marehemu Joakim kwa mawe, wanayochota watu wa kaya kumi na moja. Juu ya maji kuna utando unaong'aa rangi nyinginyingi kama shingo ya njiwa. Chai inanuka gari. Tukafukua tangi upande mmoja, tukakuta chini limeliwa na kutu, limetoboka kama chekeche.

Sasa nikuambie linaloniuma. Miaka ile, kila nikipima tangi kwa ufito wangu, dizeli imepungua kuliko injini ilivyokula. Nikasema kuna mwizi. Nikaweka kufuli kubwa juu ya mfuniko. Ikazidi kupungua. Aliyekuwa na ufunguo wa pili ni Joakim, fundi wa injini, rafiki yangu niliyepata naye kipaimara siku moja. Nikapeleka jina lake kwenye kamati. Akaachishwa kazi mwaka wa tisini, na mwaka wa tisini na tatu akafa akiwa na jina hilo la mwizi. Kumbe mwizi alikuwa chini ya tangi, na mimi nimefunga juu.

Beata, mjane wake, anakaa hatua hamsini tu kutoka chemchemi. Zamani aliniita shemeji. Joakim alipofukuzwa akaanza kuniita Bwana Stoo, na tangu maji yanuke haniiti kabisa. Kila asubuhi nateka ndoo mtoni kule bondeni, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi, namwekea kwenye uzio. Vijana wananicheka, mzee mzima na ndoo kichwani. Beata anayachukua maji kwa sababu hana njia nyingine, kisha ananirudishia ndoo tupu, imefudikizwa juu ya mti wa uzio. Umekulia kwetu, unajua chombo cha jirani hakirudi kitupu; hata majani mawili ya maboga unatia. Yeye anakirudisha kikavu.

Watu wanashauri tuchimbe udongo wote tukaumwage mtoni. Nimewazuia kwanza. Wewe ndiwe unayepima udongo na maji hapo chuoni. Kuna dawa? Kama hakuna, niambie nijue. Mama yako ananiita nihamie Liuli nikazeekee ziwani, lakini nikihama nitakuwa nimeiua chemchemi ya Joakim na kuikimbia.

Ni mimi mjomba wako,
Rogasian

*

Morogoro
4 Julai 1995

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, joto limepoa, na ninakula. Usimwandikie mama kwamba nimekonda. Hilo goti lisioge maji ya baridi. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nilipofika kwa Joakim nikakaa.

Nianze na yasiyongoja. Mtu yeyote asinywe maji yale, hata yakichemshwa, kwa sababu dizeli haiogopi moto wa jiko. Na udongo msiumwage mtoni. Mto huo unaishia ziwani. Mama ataletewa dizeli yako hadi Liuli, na usipa watakurudia wameshakaangwa.

Dawa ipo, Mjomba, na iko chini ya miguu yako. Ndani ya udongo wanaishi vijidudu wasioonekana kwa macho. Kijiko kimoja cha udongo mzuri kina wengi kuliko watu wa nchi hii. Baadhi yao hula mafuta, kwao dizeli ni ugali. Wakiimaliza, udongo unabaki safi hapo hapo ulipo, bila kuhamisha hata toroli moja. Ukiona ni hadithi, jiulize majani mnayolaza na kufukia kwenye ngoro, yale mashimo yenu ya kulimia mlimani, huwa yanakwenda wapi. Mwaka wa pili ukifukua hukuti kitu ila udongo mweusi. Nani amekula? Ni ndugu zao hao.

Kwa nini basi hawajala dizeli yako? Nadhani kule chini wanakosa pumzi, na ugali mtupu bila mboga hauendi. Wanataka hewa na mbolea kidogo. Lakini nataka kuwaona kwanza. Mkuu wangu, Dakta Hyasinti, ameniruhusu nitumie maabara siku za Jumamosi.

Naomba ulitoe tangi, na dizeli inayoelea shimoni uikombe yote. Kisha nitumie makopo mawili ya udongo, moja la kando ya tangi, moja la kwenye ngoro ya mama Albina, mkeo, Mungu amrehemu. Na maji ya chemchemi, chupa ya kioo, yajae hadi mdomoni.

La mwisho, na usinikasirikie. Maji nitakusaidia kuyasafisha. Jina la Joakim halisafishwi na vijidudu.

Mpwa wako anayekupenda,
Edina

*

Lipembe
20 Agosti 1995

Edina mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Huku ni wazima, tunachuma kahawa, na goti limekubali ushauri wako.

Yaani nimekusomesha hadi chuo, unanijibu nifuge wadudu wasioonekana! Nimemsomea barua yako Raimundi mhunzi, akacheka hadi akaweka nyundo chini. Akasema, "Rogasian, hao ndio mifugo wanaokufaa, huwezi kuibiwa." Lakini alipomaliza kucheka alikuja na vijana wanne, tukaling'oa tangi siku mbili. Nilipoliona tumbo lake mchana kweupe niliingiza kidole tundu kwa tundu. Nilikuwa nimelilinda miaka kumi na moja.

Makopo haya hapa, na chupa. Udongo wa ngoro nimeuchota kwenye lile shamba la mwisho alilolifukia Albina kwa mkono wake. Mimi nililaza majani, yeye akafukia, kama kawaida yetu. Nilipochimba pale nilipata mnyoo mnene kama kidole. Naye nimemtia, isije ikawa ndiye.

Kondakta wa basi la Songea nimemwapisha kwamba si gongo.

Lile la mwisho la barua yako nimelisoma.

Mjomba wako,
Rogasian

*

Morogoro
11 Novemba 1995

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini mvua za kwanza zimewakuta salama. Mnyoo alifika amekufa, nikamzika kwenye chungu cha maua cha Dakta Hyasinti.

Habari ni njema. Udongo wa kando ya tangi una walaji, wachache na wamedhoofika, lakini wapo. Nimewapa hewa na chembe za mbolea ndani ya chupa, na kwa wiki sita wamekula nusu ya dizeli niliyowapa. Dakta Hyasinti alichungulia, akaniuliza udongo umetoka wapi. Nikasema kwa mjomba.

Fanya hivi. Kata mianzi mirefu kuliko wewe, Raimundi aitoboe vifundo kwa chuma cha moto ili iwe wazi mwanzo hadi mwisho, kisha atoboe matundu madogo nusu ya chini. Isimike ardhini kuzunguka lilipokuwa tangi, na mstari mwingine kuelekea chemchemi, hatua mbili mbili. Hewa itashuka humo. Mara moja kwa wiki, mbolea ya dukani kiganja kimoja kwenye ndoo ya maji, kila mwanzi upate kikombe. Kikombe, Mjomba, si ndoo! Najua mkono wako ulivyo mkarimu. Mbolea ikizidi nayo huharibu maji. Juu chimba mtaro, mvua zipite kando.

Si kazi ya mwezi. Inaweza kuwa miaka miwili. Nakuomba uvumilie kama unavyovumilia mbuni mchanga.

Mpwa wako,
Edina

*

Lipembe
18 Februari 1996

Edina mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu na za kijiji kizima, maana sasa kila mtu anakusalimia. Mimi mzima.

Nimesimika mianzi thelathini na miwili. Jambo ambalo hukuniambia, au chuoni hamlijui, ni kwamba inaimba. Upepo wa jioni ukipita juu ya midomo yake inavuma kila mmoja na sauti yake. Watoto wanaiita Kwaya ya Rogasian. Mwalimu wa kwaya wa parokia alikuja kusikiliza, akasema sauti ya pili iko chini kidogo.

Na harufu, mwanangu! Harufu imepungua. Nimeinusa mimi, kanusa Raimundi, na yule mama wa dukani ambaye pua yake inajua hadi unachopika kesho. Utando wa juu ya maji umekatika vipande. Nimekaa pale juu ya jiwe alilolilaza Joakim, nikalia kidogo, kisha nikacheka kwa kulia. Asante. Mungu akupe kila unachokiomba, na usichokumbuka kukiomba.

Ndoo ya Beata bado inarudi tupu.

Mjomba wako mwenye kwaya,
Rogasian

*

Morogoro
2 Juni 1996

Mjomba,

Shikamoo. U hali gani? Miezi minne sijapata mstari kutoka kwako, ila chupa na kopo la udongo la mwezi wa tano, vilivyofika bila hata salamu.

Nimepima, nikarudia. Dizeli imepanda tena, na kwenye udongo uliotuma nao vijidudu hawaonekani. Si kwamba wamepungua. Wamekufa, karibu wote. Kuna kitu kimewaua. Ni nini kimetokea huko? Mvua imeingia? Mbolea ilizidi? Niambie tu, sitagomba.

Mpwa wako,
Edina

*

Morogoro
25 Agosti 1996

Mjomba wangu,

Shikamoo tena. Mama ameniandikia kutoka Liuli kwamba umeomba akutafutie chumba, unataka kuhama kabla ya mvua. Amefurahi, anafagia. Mimi sikufurahi.

Kama unaumwa, niandikie. Kama umechoka, niandikie kwamba umechoka. Lakini usiniache na chupa isiyo na barua. Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba mtu akikupa kitu mkononi lazima aseme neno.

Nangoja.

Edina wako

*

Lipembe
15 Septemba 1996

Mwanangu Edina,

Mimi ni mzima wa mwili. Nisamehe kwa kimya. Sina salamu ndefu leo, nikianza kuzunguka sitafika.

Niliwaua mimi.

Mwezi wa tatu niliona utando mweupe kwenye midomo ya mianzi na ndani yake, unateleza kama ute wa bamia. Mimi ni mkulima wa kahawa miaka arobaini, mwanangu. Nikiona utando, mkono unakwenda wenyewe kwenye mrututu, dawa yetu ya ukungu. Siku hizo nilikuwa napulizia mibuni kwa sababu ya chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha matunda, pipa limebaki nusu, maji ya buluu mazuri. Nikasema udongo nao unaumwa, upate dawa. Nikamimina kikombe katika kila mwanzi, wiki tatu mfululizo. Ute ukakauka. Nikajipongeza, nikajiita daktari. Wiki ya nne harufu ikarudi, na ya tano chemchemi ikawa kama mwaka wa kwanza.

Nilianza kukuandikia mara nyingi. Kila nikifika kwenye mrututu nachana. Uliponiandikia kwamba wamekufa, nikajua, nikafanya kama nilivyomfanyia Joakim. Nilinyamaza. Maana hilo pia sijakuambia. Kabla Joakim hajafa, injini ilikuwa imesimama miezi miwili kwa kukosa kipuri, hakuna aliyeigusa, na yeye hayupo tena kituoni. Nikapima tangi, dizeli imepungua. Nilijua siku ile kwamba si yeye. Sikumwambia mtu. Niliona aibu ya kamati, nikasema nitalisema siku nyingine, na Joakim akafa kabla ya siku nyingine.

Sasa unajua nimebeba nini kila asubuhi. Nadhani Beata anajua pia, ndiyo maana ndoo inarudi kavu. Niache niende Liuli.

Mjomba wako,
Rogasian

*

Morogoro
6 Oktoba 1996

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya pili kwa barua ile. Najua ilivyokugharimu. Nimeisoma, nikalia, halafu nilipofika kwenye pipa la buluu, Mungu anisamehe, nikacheka peke yangu hadi mwenzangu wa chumba akaamka.

Mjomba, ule ute ndio wao! Wakishiba na kuzaliana hujenga utando, wakaishi humo kama kijiji. Uliona neema ukaitia dawa. Na kosa ni langu nusu yake. Nilikuandikia namna ya kuwalisha, sikukuandikia wanavyofanana. Ningetegemea nini kwa mtu aliyepigana na chulebuni tangu sijazaliwa?

Sasa sikiliza. Mrututu hauondoki kirahisi, lakini hushikwa. Chokaa kidogo pamoja na majani yaliyooza vizuri huukamata usiwadhuru wengine. Na mbegu ninazo nilizokuwa nazificha. Unakumbuka makopo mawili? Walaji wazuri kuliko wote niliokuwa nao chupani hawakutoka kando ya tangi. Walitoka kwenye ngoro ya mama Albina. Niliwaonjesha dizeli kidogo kidogo, wakajifunza. Kwa hiyo wala usingoje chochote kutoka kwangu. Nenda kwenye ngoro ile, chota udongo mweusi na majani yake yaliyooza, changanya na chokaa, ujaze kuzunguka kila mwanzi, uanze upya mbolea kiganja kimoja. Alilofukia yeye litakusaidia.

Kuhusu Liuli. Nilipokuwa na miaka kumi na tatu ulishuka kunichukua nije nisome huko kwenu. Lori halikuja. Ulibeba sanduku langu la bati kichwani siku mbili, kupanda milima yote ile, wanaume wenzako wanakucheka njiani, na ukaniambia, "Wacha wacheke, sanduku haliwezi kutembea." Kila nilicho nacho kilikuwa ndani ya sanduku lile. Sijawahi kukushukuru vizuri, nakushukuru leo.

Basi na hilo la Joakim haliwezi kutembea lenyewe. Libebe, Mjomba. Ukishalifikisha, ukitaka kwenda Liuli nenda.

Mpwa wako akupendaye,
Edina

*

Lipembe
30 Machi 1997, Pasaka

Edina mwanangu,

Kristo amefufuka, na mjomba wako naye kidogo. Huku hatujambo. Mama yako nimemwambia aache kufagia.

Nimefanya ulivyosema, chokaa na udongo wa Albina, na mbolea kiganja. Ilichukua Novemba yote. Raimundi aliona mianzi inakawia kupumua, akaja na mivukuto yake ya kufulia chuma, akaufunga mdomo wa mwanzi kwa ngozi, akapuliza. Kila Jumamosi anazunguka na mivukuto yake, mwanzi kwa mwanzi. Anasema hajawahi kuvukutia kitu kikubwa kama mlima. Mwezi uliopita ule ute ukarudi. Nilisimama mbali na pipa la mrututu kama mtu aliyeacha pombe.

Leo baada ya misa, wakati wa matangazo, nilimwomba padri nafasi. Nilikuwa nimeandika karatasi, sikuisoma. Nilisema, "Mimi Rogasian nilimwita Joakim mwizi wa dizeli. Dizeli ilimezwa na ardhi. Nilikuja kulijua hilo yeye akiwa hai, nikanyamaza. Joakim hakuiba hata kibaba. Naomba jina lake mlirudishe, na mimi mniite mnavyotaka." Kanisa lilikuwa limejaa, siku ya Pasaka unajua. Beata alikaa benchi la pili, alitazama mbele tu, na wimbo ulipoanza akatoka.

Nilirudi nyumbani. Jioni nikapita uzioni kuchukua ndoo. Ilikuwa tupu. Ila leo haikufudikizwa, ilikuwa imesimama wima.

Mwanangu, sijui nikushukuru kwa nini kwanza, nachanganyikiwa. Nitakushukuru kwa lile la sanduku. Nilidhani ulisahau.

Mjomba wako,
Rogasian

*

Morogoro
9 Mei 1998

Mjomba wangu,

Shikamoo! Poleni na mvua. Huku tulisikia madaraja yamekwenda, na chupa yako ya Januari ilikaa Makambako wiki tano pamoja na kondakta wake. Ile ya Machi imefika vizuri. Kwa miezi kumi na miwili hii umeniandikia vikaratasi tu, "maji haya hapa, Rogasian," lakini kila chupa ilikuja na neno, nami nimezitunza karatasi zote.

Nimepima mara tatu. Kisha Dakta Hyasinti akapima yeye, maana niliogopa macho yangu yanaona ninachotaka. Mjomba, hakuna dizeli. Mbolea haijafika majini. Mrututu uliobaki ni kidogo sana, hauna shida. Ni maji.

Chemsheni, kama maji yoyote. Nitumie chupa kila baada ya miezi sita ili tuwe na uhakika. Mianzi iacheni hadi ioze yenyewe.

Barua hii niliiandika jana, nikalala nayo. Nilitaka nijue mimi kabla yako, nifurahi peke yangu siku moja tu. Sasa ni yako. Nani atakunywa kwanza?

Mpwa wako,
Edina

*

Lipembe
3 Juni 1998

Edina mwanangu, mpwa wangu, daktari wa udongo,

Salamu zangu hazina kipimo leo. Mimi mzima kabisa, na goti limeahidi kujitahidi. Raimundi anakusalimia, anauliza kama chuoni mna nafasi ya mpuliza mivukuto.

Barua yako ilifika Ijumaa. Niliisoma chemchemini. Jumapili mwenyekiti akaisomea watu, wakapiga vigelegele hadi kwenye mrututu, hapo wakanitazama wote wakacheka. Nimestahili.

Uliniuliza nani atakunywa kwanza. Mimi sikuthubutu. Jumatatu nikaamka kama kawaida, nikashuka mtoni bondeni, nikateka ndoo, nikampelekea Beata uzioni, kwa sababu yeye hakusema kitu na mimi si wa kumwamulia. Miaka mitatu, mwanangu. Nikaenda zangu kahawani.

Mchana nikapita kuchukua ndoo. Nikainyanyua kwa mkono mmoja nilivyozoea, ikagoma. Ilikuwa imejaa. Imejaa hadi ukingoni, na juu ameweka majani mawili ya maboga yasimwagike. Nikainama nikanusa. Hayanuki kitu. Yananuka jiwe.

Beata alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono ina unga. Akasema, "Shemeji, kesho usilete maji."

Nikajibu ndiyo. Nilibeba ndoo hadi nyumbani taratibu sana, sikumwaga tone. Nikachemsha, nikapoza, nikanywa vikombe viwili, cha kwanza kwa Joakim, cha pili kwa Albina, ambaye bado ananifukia makosa yangu.

Katika kifurushi hiki utakuta chupa ya kioo imejaa hadi mdomoni. Hii si ya maabara. Nimekwisha kuyachemsha maji yake. Inywe, na mwenzako wa chumba umwonjeshe, na Dakta Hyasinti pia, umwambie ni kwa mjomba. Asante, mwanangu. Sina neno kubwa kuliko hilo, ningekuwa nalo ningekupa.

Ila nikuchekeshe. Jana asubuhi niliamka saa kumi na moja, nikachukua ndoo, nikateremka, nimefika nusu ya njia ya mtoni ndipo nikakumbuka. Nikageuka nikaenda chemchemini. Beata alikuwa tayari pale, anateka. Akaniona, akasogeza ndoo yake pembeni kunipisha nafasi.

Ni mimi mjomba wako,
Rogasian